Nilipomzidi Pacha Wangu Kimo

Juzi, ndugu yangu, niliingia Kariakoo na binti yangu pamoja na mtoto wa kaka yangu, kuwatafutia sare za shule. Wote wawili wana miaka kumi na miwili. Muuzaji akamtazama binti, akamtazama mvulana, akauliza kama huyu ni dada yake mkubwa. Mvulana akanuna. Mimi nikacheka mpaka nikashika meza, maana katika kununa kule nilimwona baba yake vilevile.

Baba yake ni pacha wangu. Tulikulia hapohapo Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, nyumbani kwa bibi, uani kukinukia nazi na moshi wa mkaa. Jioni watoto tulishindana mbio kuuzunguka mtaa, tukikwepa mikokoteni na marobota ya mitumba, na jirani aliyekaanga kachori alimpa mshindi ile ya kwanza kutoka kwenye karai. Sisi wawili tulikuwa bega kwa bega siku zote. Kisha, tukiwa darasa la sita, nikachipuka kama mahindi ya masika. Miguu ikarefuka, gauni la shule likapanda juu ya magoti, na kila jioni kachori ikawa yangu. Raha iliyoje, kula kitu kinachokuunguza ulimi huku kaka yako anakutazama!

Maskini, alihangaika. Kila asubuhi alining'inia kwenye fremu ya mlango wa uani ili avutike. Mwalimu wa sayansi alitueleza darasani kwamba wasichana hutangulia kukua, wavulana hufuata, na mara nyingi hao ndio huja kuwa warefu zaidi. Pacha wangu akasema mwalimu anawabembeleza tu. Bibi naye alikuwa na lake: "Ning'inia, baba, ila mti haurefuki kwa kuvutwa."

Ikapita kama miaka miwili. Sauti yake ikaanza kupasuka. Alianza sentensi kitoto, akaimaliza kibaba. Mabega yakatanuka, suruali zikamkimbia. Jioni moja, tulipokata kona ya mwisho, nikasikia nyayo zake nyuma yangu, kisha ubavuni, kisha mbele. Mtaa mzima ulishangilia. Nikajitupa barazani, pumzi imekata, machozi yananilenga, nikisubiri kejeli. Akaja na kachori yake, akaimega, akanipa nusu.

"Nimezoea kuuona mgongo wako," akasema kwa ile sauti mpya. "Leo sikujua nitazame wapi."

Sikumshinda tena. Nyumba ya bibi sasa ni ghorofa la maduka, na pale palipokuwa na karai wanauza makava ya simu. Hayo nimeyazoea. Ninachokitamani ni kingine. Kati ya siku nilizomzidi na siku alizonipita, lazima ilikuwepo asubuhi moja tuliyosimama uani tukipiga mswaki, macho yetu yakiwa sawasawa. Hakuna aliyeiona. Ilipita hivihivi, sisi tukigombania maji ya kusukutulia.