Jioni Kumi na Moja za Nyotamkia

Mama Pacha alikuwa msaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Kazi hiyo haitaki papara: unaipima lenzi, unaitia alama, unaibana kwenye mashine, kisha unausaga ukingo wake mpaka ikae kwenye fremu bila kulegea wala kukaza. Aliifanya miaka ishirini na miwili, na wateja waliorudisha miwani kwa kosa lake ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kioo cha darubini yake alikisaga kwa mikono hiyohiyo. Aliokota kipande kinene cha meza ya kioo iliyovunjika, akakikata duara, na kila Jumapili kwa miezi saba akakaa nacho uani akikizungusha juu ya unga wa kusagia na maji. Mumewe, fundi bomba, ndiye aliyeleta mwili wa darubini: bomba pana la plastiki la maji machafu, jipya, alilolipaka rangi nyeusi kwa ndani. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mama Pacha," jirani wa chini alimwambia, "ukishamaliza kuzibua huko juu, tujulishe."

Miaka ya mwanzo hakuwa na la kulalamikia. Mvua zilikuja kwa wakati na kuondoka kwa wakati, na zilipoondoka ziliacha anga limeoshwa. Pacha wake, waliokuwa bado wadogo, waligombania zamu ya kuchungulia kule juu ya paa. Alikuwa na daftari, na mwaka ule wa kwanza aliandika usiku mia moja na kumi na mbili wa anga safi. Kisha hesabu ikaanza kushuka. Mvua zikawa kama mgeni asiyejua kuaga. Zikiondoka, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la machimbo ya kokoto viliingia kabla paa halijakauka. Pacha walikua, wakahamia mbali kikazi. Mwaka jana aliandika usiku ishirini na tisa tu. Hewa ilikuwa na unyevu kiasi kwamba hata kioo kiliota ukungu, akawa anakifuta kwa pamba polepole kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Mwaka huohuo, daktari wa macho anayekuja dukani kila Jumanne alikosa mteja, akamwita ampime kwa kupoteza muda tu. Alimpima, akampima tena.

"Ni presha ya macho, dada. La kushoto limeharibika sana. La kulia limebaki kuona katikati tu, napo panafifia."

"Patarudi?"

"Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki."

Hakumwambia mumewe. Nyotamkia ilikuwa imetangazwa redioni: ingeonekana magharibi kwa jioni kumi na moja, mara tu baada ya jua kuzama, halafu iende isirudi kwa maelfu ya miaka. Alijiambia, wacha kwanza niione, mengine yatafuata.

Jioni tano za mwanzo ilinyesha bila kupumua. Ya sita mvua ikakatika, upepo ukaleta moshi, na jua likazama jekundu, butu, katikati ya uchafu ule. Ya nane anga lilikuwa safi tangu asubuhi. Aliomba ruhusa kazini, akapanda paani mapema, akapanga kila kitu. Jua lilipogusa vilima, wingu moja refu likainuka magharibi, palepale alipopahitaji, likakaa. Alitoa machozi huku amempa mumewe mgongo.

"Mama Pacha," mumewe alisema, "mbingu haina mkataba na mtu."

"Najua, Baba Pacha. Hilo ndilo linaloniuma."

Jioni ya kumi mume alirudi na mkokoteni wa kuazima. Alimfahamu mlinzi wa tangi la maji kule kilimani kwa sababu ya kazi yake. Walilaza darubini juu ya godoro kuukuu, wakasukuma mpaka juu huku wakihema. Kule, moshi ulibaki chini yao. Magharibi palikuwa wazi.

Mama Pacha alielekeza darubini bila kukosea, maana mahali pale alipajua kwa moyo. Akainama. Aliona kijivu. Akarekebisha, akaona kijivu. Akasogeza kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Hebu nami nione," mumewe alisema, mtu ambaye miaka yote alidai nyota zote zinafanana. Aliinama, pumzi ikamkatika. "Eh! Ipo! Mama Pacha, ina mkia kweli! Umeinuka kama moshi wa sigara chumba kisicho na upepo!"

"Upande gani?"

"Juu, kulia kidogo. Njoo upesi, inazama!"

Akatazama alipoambiwa, akatazama mpaka jicho likachuruzika.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Si nzuri?"

"Nzuri sana."

Mume aliteremka kilima akiimba, mkokoteni ukimvuta.

Jioni ya mwisho mawingu yalirudi, naye hakujisumbua kupanda. Kisha kikaja kiangazi ambacho watu walikuwa wamekisahau: upepo ukageuka, moshi ukaenda upande mwingine, na anga likakaa safi wiki baada ya wiki. Kila jioni mumewe alimwita. "Nyota zimemwagika leo! Nikupandishie?" Kila jioni alijibu amechoka.

Dukani, lenzi ya mwalimu mmoja aliitia kwenye fremu ikiwa imekaa mshazari. Mwalimu akarudi akilalamika kizunguzungu. Wiki iliyofuata ikawa nyingine. Mwenye duka, kwa upole, akamhamishia mapokezi. Jioni hiyo, wakiosha vyombo nyumbani, Mama Pacha alimwambia mumewe:

"Sikuiona."

"Nini?"

"Nyotamkia. Macho yangu yanakwisha, Baba Pacha." Akamweleza yote.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Mimi nilifurahi kwa sababu yako!"

"Najua." Akafunga bomba. "Macho yalipokuwa mazima, huko juu kulifungwa. Sasa kumefunguliwa."

Mume aliketi kwenye kigoda. Mama Pacha akamalizia sahani zilizobaki, akizipapasa moja moja kwa vidole kujua kama zimetakata.