Masizi Mbele ya Jicho la Mama

Mama aliponiambia nipande nikafagie masizi jikoni, nilifagia. Paa la jiko letu ni la nyasi, na mbegu ya ulezi tunaining'iniza juu ya moto ili moshi uzuie wadudu, kwa hiyo masizi hayakosekani. Alisema yanamdondokea mbele ya jicho la kushoto, membamba kama nyuzi. Kesho yake akasema sikufagia vizuri. Nikafagia tena.

Halafu tukaenda shambani kupura ulezi. Pale hakuna paa, ni upepo tu na baridi. Mama alikuwa anapepeta huku anapunga mkono mbele ya uso. Shangazi akamwona.

"Wifi, unamfukuza nani? Inzi gani wa baridi hii?"

"Masizi."

"Ya wapi, wifi yangu? Au umekuja na jiko kichwani?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, ila akauweka ungo chini. Mimi nilitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, tupu.

Mama ana kisukari. Kliniki walishamwambia apimwe macho kila mwaka, lakini alikuwa anaona vizuri, akasema macho hayali sukari.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka hospitali mjini Sumbawanga. Mbele ya watu nisiowajua maneno hunikwama, lakini siku ile niliongea mimi. Daktari akamtia matone, akasubiri, akammulika. Kisha akamwambia afunike jicho la kulia.

"Mama, vidole vingapi?"

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kifipa, kwa sauti ndogo, "Ameshanyoosha mkono?"

Mkono ulikuwa mbele ya uso wake.

Daktari alisema yale si masizi, ni damu. Sukari imeharibu mishipa midogo ndani ya jicho, nayo inavuja. La kulia nalo limeanza, ila likipigwa mionzi ya leza mapema linaweza kuokoka. Twende Mbeya wiki hii, tusingoje ulezi uishe.

Tulikaa nje kwenye benchi. Mama akawa anaziba jicho la kushoto kwa kanga, anafungua, anaziba tena.

"Mama, acha."

"Ngoja. Naangalia kama hili moja bado lipo."

"Unaniona?"

"Namwona mtu," akasema.

Daktari alikuwa ametuambia matone yataleta ukungu mpaka jioni. Nilijua hivyo. Hata hivyo nikasogea karibu zaidi.