Sangara Kwenye Friji ya Damu

Bosi wangu alikuwa akihifadhi samaki kwenye friji ya maabara. Shemeji yake wa kisiwani Bumbire alimtumia sangara, naye akawalaza juu ya vichupa vya damu ya wagonjwa. Nilipolalamika alicheka: "Kwani samaki wataambukizwa?"

Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi nilifungua friji, harufu ikanipiga usoni hadi nikakimbilia sinki kutema mate. Maji ya sangara, mekundu na ya utelezi, yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye vichupa. Kimoja, kizibo kimelegea, kilikuwa cha mama mkulima wa Ngenge aliyeletwa na binti yake kupimwa figo, uso na miguu imemvimba.

"Futa, upime," bosi alisema.

"Kimeingia maji, bosi."

"Wanasubiri tangu asubuhi. Lete hapa."

Akakifuta kwa koti lake jeupe. Akachanganya damu na dawa ya manjano, ambayo huelekea rangi ya chungwa kadiri uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa unavyozidi. Mashine hupitisha mwanga na kusoma ukolezi wa rangi hiyo. Kichupa cha kioo alichopimia kilikuwa na ukoko wa juzi. Rangi haikubadilika sana. Akatoka na kumwambia yule mama, kwa sauti tamu iliyonitia kichefuchefu kuliko samaki: "Figo nzima, waitu, mama yetu. Punguza chumvi."

Niliwawahi mlangoni. "Samahani mama, damu yako imeharibika. Naomba nyingine."

Bosi alinikazia macho. Mama alimtazama, akanitazama, kisha akakunja mkono wa gauni. "Toa, mwanangu. Nimetoka mbali."

Niliosha kila chombo mwenyewe. Safari hii rangi iliiva kama papai. Nikarudia, ikaja ileile.

"Ni mbaya?" binti aliuliza.

"Mpeleke hospitali sasa hivi. Msirudi Ngenge."

Walipoondoka, nilimkuta bosi akiparua magamba kwenye sinki tunamooshea vyombo vya damu. "Umeniaibisha mbele ya wateja," alisema bila kugeuka. Gamba moja lilirukia shavu langu. Nilivua koti nikaondoka.

Baadaye binti alinipigia. Uvimbe ulikuwa umepungua. Figo zilikuwa zimeumia, ila madaktari walisema dawa zitazilinda zisizidi kuharibika. Akauliza kama bado nafanya kazi pale.

"Niliacha."

"Nilipita hapo jana," alisema. "Watu wamejaa hadi nje."