Nafura Tuliyoizika

Sisi tuliokulia chini ya mlima Jebel kabla risasi hazijatutawanya, tulikuwa na Jumapili ambazo watoto wa leo ukiwasimulia wanadhani unawauzia uongo. Ibada ikiisha hatukukimbilia nyumbani kula. Tulikimbilia nafura. Ndivyo tulivyoiita kwa Kiarabu chetu cha Juba: bakuli la mawe lenye upana wa chumba, na katikati korongo wawili wa mawe meupe, urefu wa mtoto, midomo yao ya shaba imetazama mbinguni. Mgiriki mmoja mwenye duka ndiye aliyeijenga, wazazi wetu wangali watoto. Alipoondoka akamwachia ufunguo Mzee Gore, aliyekuwa akimfagilia duka.

Mzee Gore hafungui maji mpaka tunyamaze. Watoto tele, nguo za kanisani, kila mmoja na kipande cha kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, alichokificha tangu asubuhi, kimya. Kwanza bomba linakohoa. Halafu korongo wa kushoto anatema kutu. Halafu, jamani, maji yanapanda! Sisi maji tuliyajua ya kuteka mtoni na kubeba kichwani, maji yanayokuvunja shingo. Haya hayakubebwa na mtu. Hakuna jenereta, hakuna mashine. Yalitoka kwenye tangi la mawe huko mlimani, yakashuka kwa bomba, yakaruka juu kumpita baba yangu, yakavunjika juani kama shanga. "Maji yanakumbuka yalikotoka," Mzee Gore alituambia, "ndiyo maana yanataka kurudi juu." Mimi niliishia darasa la tatu, lakini sijapata mwalimu aliyenieleza jambo vizuri kuliko hapo. Mwanangu aliyezaliwa Kenya, kijana wa simu mbili, aliniuliza nini kilikuwa kinasukuma maji. Nikamwambia mlima. Akacheka: "Mathe, mlima haina plagi."

Tulikuwa na mchezo. Unasimama ukingoni, tone likikudondokea unataja mwanamume atakayekuoa. Dada yangu Poni alilowa kila wiki. Mpaka vita vinakuja alikuwa na waume saba.

Sasa niwataje waliotuharibia. Bomba la mlimani halikuibwa na askari, msiwasingizie kila kitu. Liliibwa na Wani, jirani yetu, mtoto wa fundi viatu, aliyekula kwetu. Vita vilipoufunga mji alilichimbua kipande kwa kipande akauza chuma chakavu. Akaja na nyundo kutafuta midomo ya shaba. Mzee Gore akamfukuza kwa panga, lakini alijua atarudi. Mchana uleule akatuita watoto watano, mimi na Poni tukiwamo. Akawafungua korongo kwenye vyuma vyao, akawalaza ndani ya bakuli kama watoto wagonjwa, akawafunika magunia. Sisi tukabeba udongo kwa karai mpaka likawa tuta. Juu akasimamisha msalaba. "Wani ataiba hata mlango wa kanisa," alisema, "lakini kaburi analiogopa. Mkiulizwa amelala nani, semeni hamjui."

Halafu tukakimbia. Poni alifia njiani, mpaka wa nchi tukiuona. Wale watoto wengine watatu sikuwaona tena. Mzee Gore hakukimbia, na wenye bunduki hawakumwacha hai.

Niliporudi Juba, nyumba yetu ilikuwa na wenyewe wapya. Lakini tuta lilikuwepo! Limepakwa chokaa, limefagiwa, na maua ya plastiki juu. Mama Keji, mjane muuza tamia, bajia zetu za dengu, ndiye aliyelitunza. Mumewe alichukuliwa na watu wenye bunduki, maiti haikuonekana. Akachagua kaburi lisilo na mwenyewe, akawa anampelekea chai. "Binti yangu," aliniambia, "mtu lazima awe na mahali pa kukaa na mume wake." Ningemwambia nini? Kwamba analilia bomba? Nikanyamaza, miaka na miaka.

Mpaka alipokuja Modi, dalali wa viwanja. Huyo pia namtaja. Alikuja na karatasi yenye muhuri: mifupa ihamishwe, yajengwe maduka. Vijana wake wakaanza kupiga sururu, Mama Keji amekaa chini, kitambaa mdomoni. Sururu ikagonga jiwe, nami nikapiga kelele: "Taratibu! Kuna ndege chini!"

Walidhani nimerukwa na akili. Nikaingia shimoni, nikafukua kwa mikono. Ikatoka shingo nyeupe, likatoka jicho, ukatoka mdomo wa shaba. Sururu zote zikashuka. Hata Modi alivua kofia. Nikasema yote, na niliyemwogopa hakuwa Modi.

Mama Keji alinitazama. "Kwa hiyo nimekuwa nikiliandalia bomba chai?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na wewe unapita hapa kila asubuhi, unanisalimia!"

Modi akapata nguvu. "Basi! Kama si kaburi, ni kiwanja. Chimbeni!"

Dereva wa lori la maji, Mganda, alikuwa amesimama kutazama. "Wewe ngoja kwanza," akasema. "Mimi iko na pampu. Tuone hii ndege inafanya nini." Tukalifukua bakuli, tukawasimamisha korongo, akachomeka mpira wake wa maji kwenye tundu la zamani, tukaufunga kwa vipande vya tyubu. Bomba likakohoa. Likatema matope. Maji yakapanda.

Nimeona mambo ambayo sitaki kuyaandika. Lakini sijawahi kuona watu wazima wakinyamaza vile, vijana wamesahau simu mikononi, midomo wazi. Nilikuwa na miaka tisa tena.

Mama Keji akainuka, uso wote umelowa. Akauokota msalaba, akauchomeka kwenye udongo, ukingoni kabisa. "Modi, mume wangu amelala hapa. Nani alikuambia hapendi maji?"

"Mama, sote tumeona hakuna maiti."

"Haya, ung'oe wewe."

Modi akatazama watu. Watu wakamtazama. Akakunja karatasi yake.

Enzi zetu maji yalipanda mpaka Mzee Gore achoke. Siku hizi yanapanda Jumapili ambayo Mganda ana nafasi, mpaka lori likauke, dakika chache tu. Watoto wanapiga picha, wanaondoka. Mama Keji hubaki ukingoni na kikombe chake, akimsimulia mumewe maji ya leo yamefika wapi.