Beki wa Fundi Cherehani

Bado sijatulia, rafiki yangu, na wewe unanijua: mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Kazi yangu ni kutengeneza taa katika jengo moja la ofisi karibu na kituo cha Schuman, huku ughaibuni, na ufundi wa umeme nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya maktaba. Nimezoea kutafuta hitilafu ilipo, bila haraka. Lakini Jumapili iliyopita, katika soko la Flagey, nilibaki nimesimama mdomo wazi, mfuko wa mikate mkononi, mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniuliza, "Papa, unapita ao unalala?"

Ili uelewe, inabidi turudi Buyenzi, Bujumbura, nilikokulia.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekauka tangu utotoni, kwa hiyo aliendesha cherehani kwa mguu mmoja. Mlio wake haukuwa wa mfululizo kama wa mafundi wengine. Ulikuwa na vituo, kama mtu anayezungumza huku anafikiri. Kibanda chake kilinukia pasi ya makaa na kitambaa kipya kilichonyunyiziwa maji. Ukutani zilining'inia nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nyingine zilikaa pale mpaka zikapauka. Hakuziuza. "Nguo iko na mwenyewe," alisema, basi.

Mabaki ya vitambaa vyake ndiyo yaliyokuwa mpira wetu. Tuliyaokota chini ya meza, tukayakaza kwa kamba za migomba, tukacheza uchochoroni mpaka harufu ya ndagala, yaani dagaa wa ziwani, za kukaanga ituite nyumbani.

Fundi alikuwa na redio ya masafa mafupi. Siku ya mechi kubwa aliizungusha mpaka akaipata stesheni ya Kireno, kwa sababu, alituambia, ujanani aliwahi kufanya kazi dukani kwa Mreno na lugha aliijua yote. Mtaa mzima ulikuja baada ya isha. Watu wazima walikaa kwenye benchi, sisi chini. Redio ilikoroma na kupiga kelele, naye akatutafsiria.

"Batoto, munyamaze! Bon. Beki iko na muntu mbele yake. Hapana, hamukimbilii. Anamuangalia tu. Anamupima… anamupima… alors, anakata! Mpira imekwenda!"

Tulilipuka kwa furaha. Huyo Beki alikuwa Mbrazili. Jina lake nalijua lakini silitaji; kwetu alikuwa Beki tu, kama vile hapakuwa na mwingine duniani. Wavulana wa mitaa mingine walitaka kuwa wafungaji. Sisi wa uchochoro ule tuligombania nafasi ya nyuma. Siku fundi aliposema kwamba Beki amepasuka kichwa, amefungwa kitambaa na amekataa kutoka, kesho yake tulicheza sote tumefungwa vitambaa vichwani, na bibi yangu akauliza kama tumetoka vitani.

Fundi alitutafsiria pia mahojiano, na hapo ndipo tulipopata maneno ya Beki. Pima kwanza, kata baadaye. Mshono mzuri hauonekani, na beki mzuri hasikiki. Ukipitwa usivute shati la mtu, shati lina mwenyewe. Bibi yangu, aliyekuwa akiuza maandazi upande wa pili wa uchochoro, alicheka mpaka kijiko kikatetemeka kwenye karai. "Huyo Mbrazili wa fundi," alisema, "anajua sana mambo ya uzi." Sisi tulimwona bibi hajui mpira.

Nilikua na maneno hayo. Vita ilipotutawanya, nikafika hapa bila lugha wala karatasi, niliyakumbuka katika vyumba vya kusubiri. Wengine walipiga meza, wakapaza sauti. Mimi nilipima kwanza. Nilijifunza Kifaransa kwa kamusi na umeme kwa michoro, na kila nilipokwama nilijiambia: Beki asingekimbilia. Nikaweka nia kwamba Mungu akinikutanisha na mtu yule nitamshukuru, hata kwa neno moja.

Sasa rudi nami Flagey. Kuna dada Mbrazili anayeuza mikate midogo ya jibini, na nyuma ya meza yake hukaa baba yake kwenye kiti cha kukunja, mzee mrefu mwenye magoti mabovu. Jumapili ile mteja mmoja alimwita kwa jina lake kamili, akamsifu kwa mpira wa zamani. Nilizunguka meza, nikampa mkono, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba nimetoka Bujumbura na kwamba yeye ndiye aliyenilea.

Alicheka kwa mshangao. "Bujumbura? Hata mtaani kwetu hawakunijua!"

Nilidhani ni unyenyekevu. Nikamkumbusha mechi ile ya kitambaa kichwani.

"Siku ile nilikuwa mchezaji wa akiba, rafiki yangu. Sikugusa nyasi. Labda walisoma jina langu kwenye orodha kabla ya mchezo."

"Na ule utulivu wako? Kusubiri, kumpima mtu?"

"Mimi?" Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Mimi na utulivu!" Binti akasema bila kuinua kichwa, "Papa alikuwa anapewa kadi nyekundu kabla jasho halijamtoka."

Nikauliza la mwisho. "Na kuvuta mashati?"

"Ah, hilo ndilo nililolijua vizuri! Niliyachana mengi sana."

Nilishika ukingo wa meza. Ilikuwa kama kufungua ukuta wa jengo unalolihudumia miaka yote, ukakuta waya uliouamini haukuunganishwa na chochote. Lakini taa ilikuwa imewaka. Ilikuwa imewaka miaka yote hiyo! Umeme ulitoka wapi?

Pima kwanza, kata baadaye. Mshono. Shati. Eh, bibi yangu, kumbe ulimsikia fundi mwenyewe.

Mzee aliuona uso wangu, akaacha kucheka. Akauliza ni nani aliyeniambia hayo yote. Nikamwambia: fundi cherehani, mwenye mguu mmoja mzima, ambaye sikumwona akipiga mpira hata mara moja. Akasugua goti lake. "Mimi nilikuwa na miguu miwili," akasema, "lakini hakuna aliyeniambia nisubiri."

Ndipo mama wa nyuma aliponiuliza kama ninapita.

Nilimpigia dada yangu aliyebaki Buyenzi. Anasema kibanda sasa ni cha kuchajia simu. Vijana wanakaa mlangoni, kila mmoja na mechi yake sikioni, na hakuna wa kumtafsiria mwenzake. Fundi alivuka kurudi ng'ambo mwaka ule tuliokimbia. Alikozikwa hakuna anayejua.

Nilikwenda kwa mtu na shukrani niliyoitunza tangu utoto, nikarudi nayo nyumbani. Naitazama kama zile nguo za ukutani kwa fundi: imeshonwa, imepigwa pasi, na mwenyewe hakuja kuichukua. Simpi mwingine.