Ng'ombe wa Chuma Walipougua Sotoka

Mwaka 1891, nikiwa msichana wa miaka kama minane, taabu ilianza kwetu, na ilianza kwa harufu. Mwaka wenyewe nimehesabiwa baadaye na watu waliosoma. Harufu naikumbuka bila kusaidiwa na mtu. Ilikuwa harufu ya ng'ombe waliokufa, ikipanda kutoka mabondeni mpaka kwetu Bweranyange, ikaingia kwenye migomba, kwenye ngozi tulizovaa, hata kwenye ndizi zilizokuwa jikoni. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipita Karagwe yote. Leo ng'ombe anatoa machozi na makamasi, kesho anaharisha, keshokutwa mnachimba shimo. Baba yangu alifukia ng'ombe wake wote wenye pembe ndefu, mmoja baada ya mwingine, akiwaita kwa majina. Kisha akaanguka kwa homa, tukamfukia na yeye.

Lakini ndani ya harufu hiyo mbaya kulikuwa na nyingine ambayo mpaka leo nikiikuta mahali nasimama. Ni harufu ya samli ya zamani juu ya chuma. Ndani ya ua wa wafalme palikuwa na nyumba ya msonge ambayo hakuna mtu aliyelala humo. Humo vililala vitu vya chuma vya wafalme waliotangulia: mikuki ambayo haikwenda vitani, nyundo ambazo hakuna mhunzi aliyeruhusiwa kuzipigia, na ng'ombe. Ng'ombe hao walikuwa wadogo, wa kubeba kwa mikono miwili, lakini pembe zao zilipanda juu na kupinda kama za ng'ombe wetu hasa. Nani aliwafua? Niliuliza watu wengi, na kila mmoja alinipa jibu lake, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Nilichojua kwa hakika ni kazi ya ukoo wetu. Kila mwezi mpya ukiandama tulipeleka samli na kuwapaka, mgongo mpaka kwato. Kwa kazi hiyo babu wa babu yangu alipewa shamba la migomba lililo chini ya ua, shamba zuri, lenye udongo mweusi. Mkataba wake ulikuwa mdomoni mwa kila mtu: anayepaka ndiye anayekula ndizi. Asipopaka, anahama.

Sasa baba amekufa, na ng'ombe wa kutoa samli wamekufa. Mama yangu, mzaliwa wa Nyakasimbi, hakuruhusiwa kuingia nyumba ile kwa sababu mwanamke aliyekwisha kuzaa haingii. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Alikuwa na mimi, na msichana ambaye hajavunja ungo aliruhusiwa. Basi nikawa mikono ya baba. Baba yangu mdogo, Kakuru, hakulipenda jambo hilo. Yeye alikuwa amebakiwa na ng'ombe wawili, waliookoka kwa wakwe zake upande wa Kibingo. Mama alimwendea kuomba samli kidogo ya kupaka. Kakuru alimjibu kwa heshima zote kwamba samli yake itaingia nyumba ile siku atakayoingia yeye mwenyewe, na siku hiyo shamba litakuwa lake. Sitamwita mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na njaa ilikuwa kwa wote. Lakini alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kujenga, katikati ya migomba yetu, na alipapita kila asubuhi akipatazama.

Siku ya kwanza kuingia nilisahau kuogopa. Ndani kulikuwa na giza lenye moshi, na sakafuni nyasi laini zilizotandikwa upya. Mtunzaji wa nyumba, Mzee Bitegeko, alikaa karibu na mlango akiwa na fimbo yake magotini, na mimi nilipaka huku nauliza. Yupi jike? Mbona hawana chuchu? Wanazaa? Kama hawazai, wamekuwaje wengi? Na hawa nao hawakupata sotoka? Mzee alivumilia mpaka akashindwa.

"Wewe mtoto una maswali kama kuku alivyo na viroboto," aliniambia. "Paka."

Nilipaka. Chuma kilikuwa baridi, kisha kikapata joto la kiganja changu, na samli ikakifanya kiteleze kama ngozi ya mnyama aliye hai. Tangu siku hiyo niliwaona ni wanyama. Nilimpenda mmoja kuliko wote, yule mkubwa, ambaye pembe yake moja ilikuwa imeinama kidogo kama anasikiliza kitu.

Kibuyu cha samli ya baba kilikwisha upesi. Mama alikikwangua kwa kijiti, mwezi uliofuata akakikwangua tena, na mwishowe akamimina maji ya moto ndani, akakitikisa, akanipa maji yale yenye harufu tu ya samli. Nikawapaka hayo. Mzee Bitegeko alinusa, akaona harufu ipo, akanyamaza. Sijui kama alijua. Mwezi mwingine ulipoandama niliingia, nikainama kwa yule mkubwa, nikaona mgongoni na puani ametoka madoa mekundu.

Wazee waliitwa. Walisimama mlangoni wakachungulia, hakuna aliyetaka kuingia. Madoa mekundu puani, na mgongo umeparara kama wenye vidonda. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa sauti, ila kila mmoja alilijua jina lake, maana tulikuwa tumelitamka mwaka mzima. Sotoka imeingia mpaka kwa ng'ombe wa wafalme. Wakafanya kile walichokifanya kwa ng'ombe wowote: mgonjwa akatengwa. Walimtoa yule mkubwa kwa kumbeba katika majani ya migomba, wakamjengea kibanda nje ya ua, wakamwashia moto wa nyasi mbichi ili moshi ufukuze ugonjwa. Mvua zilikuwa zimeanza. Kibanda kilivuja, naye akanyeshewa, na kila siku akazidi wekundu. Tulisema anazidiwa.

Hapo Baba mdogo Kakuru alipata maneno. Alisema mbele ya wazee kwamba mikono iliyobeba mizoga ya sotoka ndiyo iliyoleta ugonjwa ndani, na mikono hiyo ni yetu. Wazee walitazama chini. Halafu wakakubaliana kwamba mwezi mpya ukiandama, shamba litapewa mtu mwenye samli. Mama alirudi nyumbani akaanza kufunga vyungu kwa kamba za migomba, kama mtu anayefunga mzigo wa mwenziwe.

Mimi nilikwenda kumtazama mgonjwa. Nitasema ukweli, huruma ilikuwepo, lakini zaidi nilitaka kujua. Chuma kinakufaje? Nilikuwa nimeona ng'ombe wengi wakifa na nilijua hatua zote. Nikamngojea avimbe tumbo, hakuvimba. Nikamngojea anuke, akanuka mvua na moshi tu. Kilichonisumbua zaidi ni nzi. Ng'ombe wa sotoka nzi hawamwachi, wanamjaa machoni akiwa bado anapumua. Huyu alikaa peke yake, hakuna hata nzi mmoja. Nikawa naenda kila siku kutazama kama wamefika.

Siku moja Mama alinituma nikashushe jembe la baba darini, ili tuondoke nalo. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa. Nilipanda, nikalivuta, nikaona wekundu ule ule. Madoa yale yale, na vidole vyangu vikabaki na vumbi jekundu. Nilishuka upesi. Niliona ugonjwa sasa umetufuata mpaka darini, na baada ya jembe litafuata chungu, na baada ya chungu ni Mama. Sikumwambia. Nilikimbia na jembe begani mpaka kwa Mzee Bitegeko, nikalitupa miguuni pake.

"Babu, jembe la baba nalo limepata sotoka."

Mzee aliliokota. Aliligeuza upande huu na huu, akalikwangua kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Wewe unakwenda kwa mgonjwa kila siku, nimekuona," alisema. "Nzi wamemfuata?"

"Hapana, Babu. Nawangoja."

"Na hili jembe?"

"Halina nzi."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikarudi kuwa kicheko. "Tumekitenga chuma," alisema akijifuta macho. "Wazee wazima na mvi zetu, tumekijengea chuma banda la wagonjwa. Tena tumekiwashia na moto."

Msomaji usituone wajinga. Kutu tuliijua. Watu wa Karagwe walifua chuma tangu zamani, na hakuna mwenye jembe asiyejua kutu. Lakini jembe lilikuwa chuma, na ng'ombe walikuwa ng'ombe. Hakuna mtu aliyekuwa hai aliyewahi kuwaona na kutu, maana hawakuwahi kukosa samli. Na mwaka ule, ukituonyesha chochote chenye pembe na doa jekundu, tuliona kitu kimoja tu.

Mwezi mpya uliandama. Wazee wakakusanyika mbele ya kibanda, na Baba mdogo akaja na kibuyu cha samli ya Kibingo kimejaa mpaka shingoni. Mzee Bitegeko alilipitisha jembe la baba mkono kwa mkono bila kueleza kitu. Kila aliyelipokea alilitazama, akamtazama ng'ombe, akampa jirani yake upesi. Kisha Mzee akaniita nimsugue yule mkubwa kwa mchanga na majivu. Nilisugua mpaka weusi wake ukaanza kurudi. Baba mdogo akasogea na kibuyu chake. Ndipo Mama akatoa kibuyu kidogo chini ya nguo yake. Kilikuwa cha mafuta ya mbarika. Mibarika ilijiotea yenyewe kwenye ua wetu, na mafuta yake tulipaka miili na kulainisha ngozi.

"Shemeji," Baba mdogo alimwambia, "ng'ombe hapakwi mafuta ya mbegu. Ng'ombe hupakwa ya ng'ombe mwenziwe."

"Na hao wako wa Kibingo, shemeji, wanakula nini?" Mama alijibu. "Nyama?"

Mzee mmoja alicheka kwa pua. Baba mdogo naye aliuma mdomo ili asicheke, nilimwona. Mzee Bitegeko hakucheka. Aliniashiria kwa fimbo nikapaka. Mafuta yale ni mazito kuliko samli, yanashika. Yule mkubwa alimeremeta na kuwa mweusi kama alivyokuwa siku ya kwanza, ila mgongoni palibaki kishimo ambacho kutu ilikula, cha kuingia kidole gumba changu. Mzee Bitegeko aliwauliza wazee swali moja tu: leo amepaka nani? Jibu wote walikuwa wameliona, na mkataba wote waliujua. Tukarudi nyumbani kufungua vyungu. Baba mdogo alikunywa pombe ya ndizi kwetu siku ile ile, na wanawe walikula ndizi zetu mpaka njaa ilipokwisha.

Mengine ni marefu, nayakata. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuja, na baada yao Waingereza. Ua wa wafalme ulibomoka, vitu vya chuma vikahamishwa huku na huku. Mimi nilikua, nikaolewa, nikaachika, nikabeba chumvi kichwani kwenda kuuza. Kusoma sikupelekwa. Herufi nilifundishwa na mke wa mwenye duka mmoja Mwislamu, mwenye asili ya pwani, juu ya maandishi ya magunia, na hizo ndizo ninazoandikia haya.

Mwaka jana, miaka michache baada ya uhuru, nilisikia vitu vile vimewekwa chini ya ulinzi kama mali ya taifa, nikaenda kuona. Nyumba sasa ina saruji chini na kufuli mlangoni, na ubao unaosema mambo mengi ila hausemi samli. Kijana mlinzi aliniamkia shikamoo, akanifungulia kwa adabu. Yule mkubwa yupo. Nilimjua kwa pembe yake inayosikiliza. Nikanyoosha kidole gumba kwenye kishimo, kijana akaniwahi.

"Bibi, samahani, hairuhusiwi kugusa."

Nilimwonyesha doa jekundu puani. Nikamwuliza anapakwa nini. Alisema hapakwi kitu, hiyo ni kutu tu. Analijua jina la ugonjwa, hilo ni jambo zuri, sisi lilitutoa jasho kulipata. Nikamwuliza atafanya nini. Alisema atauliza wakubwa zake. Alisema kwa moyo, nami sina ugomvi naye. Nimemwachia chupa ya mafuta ya mbarika.

Leo nina nyumba ya matofali yenye bati. Nina duka Kayanga, la chumvi, nguo na mafuta ya taa. Nina shamba la kahawa. Nina ng'ombe wenye pembe ndefu, na wote wana majina. Nina jembe la baba, limelika mpaka limebaki kama kijiko, na halina kutu. Nina mbarika uani. Na nina lile shamba la migomba chini ya Bweranyange, ambalo sikulinunua wala sikulirithi bure. Ndizi zake nimekula asubuhi hii. Kwa hiyo kazi ile bado ni yangu, na mwezi ukiandama nitakwenda tena kugonga kwenye lile kufuli.