Nyumba Isiyotoa Sauti

Kazini walimwita Sauti, na jina likamkaa. Mtu angepiga simu kampuni ya maji akiwa amewaka, bomba limekauka siku ya nne, watoto hawajaoga, matusi yako kwenye ncha ya ulimi. Akipokelewa na Sauti, baada ya dakika mbili alikuwa akiomba radhi kwa kufoka. Wapo walioaga kwa kumuombea dua.

Simu hizo alizipokea nyumbani, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Humo mlikuwa na meza, kompyuta, na godoro kuukuu alilolisimamisha ukutani lipunguze mwangwi. Kampuni iliwaruhusu baadhi ya wapokea simu kufanyia kazi nyumbani kwa sharti moja: mteja asijue kwamba anaongea na mtu aliye kwake. Kila simu ilirekodiwa, na kila mwezi msimamizi alizisikiliza chache na kutoa alama. Sufuria ikilia, alama zinakatwa. Mtoto akilia, zinakatwa zaidi, na ukifikisha makosa matatu unarudishwa ofisini. Kwa miaka miwili Sauti hakukatwa hata alama moja, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siri ya ushindi huo ilikuwa na umri wa miaka sita. Binti yake walimwita Tonge kwa sababu alizaliwa kadogo mno, na ingawa sasa alikuwa na miguu mirefu kuliko sketi yake ya shule, jina halikubadilika. Alipokuwa na miaka minne mama yake alimfundisha mchezo wa jiwe. Mlango wa chumba cha nyuma ukifungwa, Tonge ni jiwe. Ukifunguliwa, jiwe linapata biskuti. Hakupigwa wala kutishwa. Alijifunza kutembea kwa ncha za vidole, kufunga kabati polepole kwa kiganja, kucheka kwa mabega tu. Wageni walisema, "Mtoto wako ana adabu jamani!" Sauti akavimba kichwa, hasa akiwasikia pacha wa jirani wa ghorofa ya juu wakiburuta viti kama watu wanaohama kila siku. Mama Pacha mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa akishona nguo kwenye cherehani huku akiwapigia kelele wanyamaze, na kelele zake ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote.

Jumatatu asubuhi meneja alimpigia. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi, na waliona aichukue yeye. Ofisini, siku tano kwa wiki, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Tangu hapo Sauti hakukalika. Tuseme ukweli, nafasi hiyo aliitaka, tena aliitaka mpaka akaona haya. Watu wawili aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, aliowaonyesha hadi kitufe cha kumtoa mteja hewani, sasa walikuwa wasimamizi na walimwandikia ujumbe wa kumkumbusha kutaja jina la mteja mara mbili. Alikuwa akiusoma ujumbe kama huo na kusonya peke yake chumbani. Lakini Tonge je? Shule ilitoka saa saba mchana. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kulala nyumbani siku nne kwa mwezi.

Jumanne alikata shauri akubali. Akapiga pasi blauzi ya ofisini, akajitazama kiooni, akaivua, akaamua akatae. Jumatano alianza kusafisha friji ambayo haikuwa chafu. Katikati ya kazi akaacha mlango wazi, akaenda kumpigia mumewe, akasahau alichotaka kumwambia.

"Mama Tonge, wewe unataka nini?" mumewe aliuliza, injini ikinguruma nyuma yake.

"Ningejua ningekuuliza?"

"Basi ikubali."

"Na mtoto nimwache na nani?"

"Basi ikatae."

"Yaani wewe unaona nizeekee stoo?"

Mumewe akasema mtandao unasumbua. Huenda ulisumbua kweli.

Alhamisi saa nane mchana meneja alipiga tena, safari hii kwa simu ya video. Sauti alikuwa amejiandalia ombi: je, hiyo kazi ya usimamizi haiwezi kufanyiwa nyumbani? Alimkalisha Tonge sebuleni na daftari la kuchorea, akafunga mlango. Mazungumzo yalichukua dakika arobaini na tano. Meneja alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa, na hakumzungusha.

"Msimamizi lazima awepo, dada. Vijana wakilemewa na mteja wanageuka kukutafuta kwa macho. Wakikuta kiti kitupu itakuwaje?"

Ilikuwa kwenye dakika ya tano hivi Sauti aliposikia kishindo. Alizima kipaza sauti upesi, akatega sikio. Hakusikia kilio. Ni wale pacha, akajisemea, watabomoa dari siku moja. Akawasha kipaza sauti, akaomba radhi, wakaendelea.

Mwishoni akapiga moyo konde. "Nashukuru sana kwa kunifikiria," alisema, "lakini nitabaki nyumbani. Mwanangu bado mdogo. Hapa akiniita, nipo."

Meneja akasema anamwelewa, ila hataandika chochote hadi kesho saa sita, kwa sababu watu hulala na jambo likaamka na sura nyingine.

Sauti akavua visikizio. Alijiona mama bora na mjinga mkubwa kwa wakati mmoja. Akafungua mlango, na mlango ukagonga kitu laini.

Tonge alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ameng'ata ukosi wa shati la shule mpaka umelowa. Uso ulikuwa umepauka. Mkono wa kushoto alikuwa ameupakata kwa ule wa kulia, na kifundo chake kilikuwa kimevimba na kupinda pasipopaswa kupinda. Jikoni kiti kilikuwa kimelala ubavu chini ya kabati la vikombe.

Alimtazama mama yake kwa makini, kama mtu anayehakikisha.

"Umemaliza, mama?" aliuliza kwa kunong'ona. "Sasa naweza kulia?"

Sauti alifungua mdomo, na hiyo sauti yake iliyotuliza mji mzima haikutoka. Aliitikia kwa kichwa. Hapo Tonge akalia, lakini hata kilio chenyewe kilikuwa cha pumzi, cha mabega, kilio ambacho kisingepunguza alama yoyote.

Hospitalini daktari alisema mfupa umevunjika, lakini utapona vizuri. Akauliza mtoto alianguka saa ngapi. Sauti alisema hajui. Tonge ndiye aliyejibu, kwa adabu zake zote: "Mama alipoanza kuongea na bosi." Daktari aliandika. Sauti alitamani amgombeze, aseme mama gani huyu. Badala yake walimfunga mtoto plasta nyeupe mpaka karibu na kiwiko na kumpa pole.

Ijumaa asubuhi alipanda ngazi kwenda kwa Mama Pacha. Miaka miwili walikuwa wakisalimiana kwenye korido tu, na zaidi ya mara moja Sauti alikuwa amegonga dari kwa mpini wa ufagio. Mlango ulifunguliwa na pacha mmoja aliyevaa sufuria kichwani.

"Jirani, leo umeamua kuja kunigombeza ana kwa ana," alisema Mama Pacha, akisimamisha cherehani.

Sauti alimweleza yote. Alisema lile la kiti, la kishindo, la kuwasingizia pacha. Alisema lile swali la mtoto pale mlangoni, na akalia alipolisema. Kisha akamuomba: Tonge akitoka shule, akae hapa mpaka jioni.

Mama Pacha alitazama chumba chake, vitambaa vilivyotapakaa, redio inayopiga kelele, pacha wa pili akipiga ndoo kama ngoma. "Hapa kwangu ni vurugu tupu, mwenzangu. Wako amezoea utulivu."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema Sauti.

Saa tano na nusu alimpigia meneja na kuomba neno lake la jana lifutwe.

Usifikiri kwamba alitulia. Jumatatu alifika ofisini saa moja, blauzi imepigwa pasi mara mbili, akakaa kwenye kiti cha msimamizi kama amekalia miiba. Vijana kumi na wawili waligeuka kumtafuta kwa macho, na alipenda sana, na kila alipopenda aliona kama anaiba. Saa saba ikafika. Akahesabu: sasa wametoka darasani, sasa yuko barabarani na Mama Pacha, sasa wanapanda ngazi. Saa nane kasoro robo alishindwa. Akatoka nje kwenye korido, akapiga simu.

Mama Pacha alipokea, lakini hawakusikilizana. Nyuma yake palikuwa na redio, ndoo, cherehani, na juu ya hayo yote mtoto alikuwa akilia. Alikuwa akilia kwa mdomo wazi, kwa hasira, kwa kupandisha na kushusha, mtoto ambaye ameonewa na anataka jengo zima lijue. Ilimchukua Sauti muda kutambua kwamba ni wake. Sauti hiyo hakuwahi kuisikia tangu Tonge akiwa na miaka minne.

"Usishtuke, mkono hauna kitu!" Mama Pacha alipaza sauti. "Ni penseli nyekundu tu, wamemnyang'anya! Ngoja nimnyamazishe uongee naye!"

Sauti alijiegemeza ukutani. Alikuwa mbali, vituo sita vya basi, na hakuna ambacho angeweza kufanya.

"Hapana," alisema. "Mwache. Mwache alie."